Tumbo la Mama Kwenye Picha

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wale mapacha wako wasiokaa kitako. Sisi huku hatujambo, na Mama hajambo kuliko sote. Asubuhi hii amegombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia nguo, na ameshinda.

Nimeanza na hilo makusudi, maana najua shangazi alikupigia simu kuhusu uvimbe tumboni mwa Mama, na usingizi ukakuruka. Sasa tulia. Uvimbe upo, lakini ni wa mafuta matupu, wa aina adimu ambayo daktari wetu wa picha hapa hospitalini ninapofanya kazi ameiona mara tatu tu tangu aanze kazi. Tunamwita Miwani Mbili, kwani moja huivaa na nyingine huisahau kwenye paji la uso. Kwenye picha za CT, zinazoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, uvimbe huo ni mweusi, wa mviringo, kingo zake laini, umejibanza ndani ya ukuta wa tumbo la chakula. Mashine hupima kila nukta: maji ni sifuri, nyama iko juu yake, mafuta chini. Huu ulisoma mia moja chini ya sifuri. Tangu shule sijawahi kushangilia alama mbovu kiasi hicho.

Utauliza kwa nini picha ya kwanza, ya Jumatatu, ilisema mengine. Mgonjwa wa tumbo hunywa lita moja ya maji kabla ya kulala kwenye mashine, ili tumbo litanuke. Lisipojaa, ukuta hujikunja na kuonekana mnene kama wenye saratani. Ndivyo lilivyoonekana la Mama, na daktari wa upasuaji alishaanza kuzungumzia kulikata nusu. Ijumaa Mama akakiri kwa aibu kwamba alikunywa kikombe kimoja tu, mengine akalimwagia ua la kwenye korido, kwa kuogopa kubanwa na haja ndani ya mashine. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, tukarudia picha siku ile ile, na ndiyo iliyoonyesha mafuta. Tangu hapo anamwomba radhi kila anayepita, hata mfagizi.

Dada, sasa nikwambie lililonikaa rohoni. Kosa si lake. Sheria yetu ni kwamba mpiga picha amsimamie mgonjwa mpaka kikombe cha mwisho, ndipo atie sahihi. Mimi niliona haya kumsimamia mama yangu kama mtoto anayenyweshwa dawa. Nikatia sahihi, nikaenda zangu kuandaa mashine. Miwani Mbili alipoitazama picha aliniuliza kama maji yalikwisha kweli. Nikamjibu yalikwisha, nimeona kwa macho yangu. Niliogopa kupoteza kazi. Ijumaa nilimweleza ukweli, akanisema vikali, na nilistahili. Mama sikumweleza.

Hapo niliweka kalamu chini, kwa sababu Mama aliingia akataka nimsomee barua, kama kawaida yake. Nimemsomea yote, bila kuruka. Akaniambia kwamba siku zile nne hakuogopa kisu. Aliogopa kwa sababu nilikuwa simtazami usoni, akadhani nimeshaona kifo chake kwenye picha. Akanishika kidevu, akanigeuza nimtazame, tukakaa hivyo kitambo, tukilia na kucheka.

Anakusalimu sana, na anasema uwabusu wale wakorofi. Shemeji mpe salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mpiga Picha