Muujiza wa Baba

Kariobangi,
Machi 1996

Kwa Senge Nabiswa,

Nakusalimu sana, shangazi yangu. Maharagwe uliyotutumia yalifika, na Mama anashukuru.

Tangu kiwanda kimwachishe kazi, Baba, kaka yako ambaye ulikuwa ukimvuta sikio ndipo aende kanisani, anaitwa Askofu Wanyonyi. Kanisa lake ni hema la maturubai nyuma ya gereji. Waumini walipokuwa wachache alitafuta muujiza, akaniona mimi. Unajua ninavyoona haya mbele za watu. Akatangaza kwamba nilizaliwa bubu, naye akaniombea nikapona.

Mama Hirad, jirani yetu Mwislamu, alicheka hadi akashika ukuta. "Bubu gani, wallahi! Si huyu hunibishia hodi kila jioni akiomba chumvi?"

Jumapili Baba alinipa kipaza sauti nishuhudie. Nikajikaza, nikasema, "Mimi sijawahi kuwa bubu. Baba anawadanganya."

Senge, hema lote lililipuka. "Bubu amesema! Haleluya!" Watu walilia, wakajaza kapu la sadaka. Hakuna hata mmoja aliyesikia nilichosema. Baba alinikumbatia, akaninong'onezea, "Umefanya vizuri sana, mama. Wiki ijayo tunaenda Majengo. Huko hawakujui."

Tafadhali mwandikie kwamba umeteguka mguu na unahitaji msichana wa kukusaidia. Najua ni uongo, lakini ukweli nimeshaujaribu. Sitaki kuponywa mara ya pili.

Ni mimi mtoto wenu,
Nekesa