Sindano Chini ya Samaki

Nice, chai ipo kwenye chupa. Samaki wakaange leo, wasilale tena.

Asubuhi nimeikuta sindano yangu kwenye friza chini ya hao samaki, imeganda jiwe. Umeme ulipokatika jana, bibi yako aliitoa kwenye friji akaifukia kwenye barafu, kama samaki wa soko la Feri. Dawa ile ikiganda ni ya kutupa. Daktari alisema ingeweza kuziba mashimo kwenye mifupa ya vidole vyangu iliyolika na baridi yabisi. Nimeingoja miezi minne.

Niko dukani. Mkasi umenishinda kabisa, ukitoka chuo pitia huku Kariakoo unikatie vitenge.

~~Mwambie bibi yako asiguse~~ Usimwambie bibi yako kitu. Akiuliza, sema nimeshajichoma, na vidole vimeanza kunyooka.

Mama