Dawa ya Mibuni

Rubya, Muleba

Mke wangu Annastella,

Nakusalimu mimi mwanaume niliyefika Kampala na Mwanza, lakini nimekosa wa kunipikia ebitoke, ndizi zetu. Mibuni inapendeza. Mbuzi wako kazaa mapacha, nadhani ananicheka.

Nilipokurudisha kwenu Izimbya niliwaambia wazee kwamba huzai. Juzi nilipimwa. Daktari akaniuliza, "Pombe yako ya rubisi unaihifadhi wapi?" Nikamjibu kwa maringo, "Kwenye madumu ya dawa ya mibuni. Nayaosha kwa sabuni, mimi mjanja." Hakucheka. Alisema homoni zangu za kiume zimeshuka sana, na huenda ni hiyo dawa, niliyoipulizia mibuni nikiwa kifua wazi miaka kumi na miwili, kisha nikainywa na pombe.

Anna, tatizo ni mimi. Nasikia kuna mtu ameleta posa kwenu. Nakuomba sana, usimjibu kabla ya Jumapili. Nakuja kusimama mbele ya wazee walewale niseme kwamba nilikuonea. Hata ukinikataa, nitarudi peke yangu, lakini hakuna atakayekuita tasa tena.

Wako niliyeishiwa majivuno,
Datius