Ukoko wa Dundori

Mama Zuhura mpenzi,

Kaptembwo mko aje? Huku kambini Dundori baridi si mchezo. Hii kadi naandika nikiwa nimevaa soksi mikononi, kwa hivyo uvumilie mwandiko.

Lazima nikuambie ya jana mchana. Skauti walipika wali wa viazi, nami nikajipakulia wa kwanza vile nimezoea nyumbani, sahani ikajaa mlima. Kijiko hakijafika mdomoni, Zuhura wetu huyo, skafu shingoni, amesimama wima mbele yangu. Wenzake wamemchagua kiongozi wa kikosi chao, na sisi wazazi tuliokuja kusaidia tunafuata amri yake.

"Baba, pole, lakini huku wadogo ndio wanaanza. Mkubwa anakula mwisho."

Watoto wote wananiangalia! Nikampa sahani yangu yule mdogo kabisa, nikaenda kusimama nyuma ya laini na aibu zangu.

Zamu yetu ilipofika, sufuria ilikuwa imebaki na ukoko tu. Tukaukwangua pamoja, mimi na binti yako, na kijiko kimoja. Nikamuuliza kama haoni vibaya kuachiwa vilivyoungua. Akacheka.

"Kwani Mama hula nini kila siku?"

Miaka yote hii umekuwa ukiniambia unapenda ukoko, na mimi nikaamini.

Jumapili tukifika, wewe keti tu. Nitapakua mimi, na ukoko ni wangu.

Wako wa soksi mikononi,
Baba Zuhura