Matofali ya Kaburi la Mama

Mwamgongo, Kigoma
21 Aprili 2024

Mpendwa kaka Kalisti,

Shikamoo. Habari za Mtwara? Wifi Elida mguu umepona? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Kila nikikupigia simu nakata kabla hujapokea, ndiyo maana nimeona niandike.

Kaka, kaburi la Mama halipo.

Mvua za mwezi huu zimetutesa. Jumatano asubuhi mlima wa nyuma ya shamba uliporomoka, ukapita na mihogo, migomba na kaburi lenyewe mpaka ziwani. Hakuna aliyeumia. Maji yakawa mekundu, wavuvi wakahamisha mitumbwi. Ule msalaba wa mbao tumeutafuta ufukweni mpaka tumechoka.

Unaikumbuka miti ya mibula ya kule juu mlimani, ambayo Mama hakutaka mtu aiguse? Alisema matunda yale ni ya sokwe, sisi tuna mihogo yetu. Wakishuka kula, hata kupiga makopo alitukataza. Wewe ulikuwa ukimtania kwamba anawapenda kuliko sisi tuliomchosha mgongo.

Baba aliikata Septemba. Ulipoahidi kuja tumjengee Mama, alitaka kaburi la matofali ya kuchoma, na kuni za karibu hazikuwapo. Wapo wanaosema mlima ungeshuka tu kwa mvua ile, wengine wanasema mizizi ndiyo iliyokuwa imeushika. Mimi sijui. Baba ameshajihukumu. Hali chakula, haongei. Jana tu ndipo aliponiambia, "Nilitaka mama yenu alale pazuri."

Kwa hiyo nakuomba, na hasira zako nazijua: ukija, usimuulize habari za miti. Nimeumia vya kutosha, kaka. Nikimpoteza na yeye sitaweza.

Sokwe nao hawashuki tena. Nilizoea kuwasikia alfajiri nikienda kuchota maji. Siku hizi nasikia ziwa peke yake, na huwa nalia njiani kabla sijafika nyumbani.

Njoo hata hivyo. Boti ikikaribia kijiji utaona mlima umechunika, udongo mwekundu kuanzia juu hadi majini. Mama alikuwa pale katikati.

Msalimie wifi, na mwanenu Mariana umbusu kwa niaba yangu. Shangazi Veneranda anawasalimu. Baba pia. Tanuru la matofali halikuguswa, limesimama zima uani, na kila mvua ikianza Baba anatoka kwenda kulifunika turubai.

Mungu akulinde njiani, akufikishe kwetu.

Dada yako akupendaye,
Eufrasia