Siku Baba Alipokwenda Kukuandikisha

Brzozówka, 14 Oktoba

Mdogo wangu Zenon,

Sisi hatujambo. Viazi tumeshachimba vyote, na kabichi nimeshaitia chumvi ichachuke. Nakuandikia Baba akiwa hapa mezani, ananilaumu kwamba chai haina sukari.

Jumanne alipotea. Kama nilivyokudokezea, siku hizi kumbukumbu zinamjia na kumtoka. Zimamoto na majirani walipekua msitu mzima mpaka mtoni, kwenye mpaka wa wilaya yetu, wasimwone. Nikaanza kuwaza mabaya.

Saa kumi jioni simu ikalia kutoka Zalesin. Unajua kijiji chetu kilikuwa chini ya wilaya ya Zalesin kabla mipaka haijabadilishwa tukawekwa wilaya hii. Baba alipanda basi akaenda kwenye ofisi ile ya zamani ya wilaya, ambayo sasa ni maktaba.

"Bibi Leokadia, mzee wako ni mzima," mkutubi akaniambia. "Amekaa kwenye benchi, anangoja zamu yake. Supu ameimaliza."

"Anangoja nini, jamani?"

"Anasema amekuja kuandikisha mtoto wake wa kiume, amezaliwa jana."

Nililia na kucheka kwa pamoja. Nilipofika, yule mkutubi alikuwa amemwandikia jina lako kwenye karatasi na kuigonga muhuri wa maktaba. Baba anayo mfukoni, hata koti hataki nilifue.

Jina langu hulisahau, Zenon. Lako bado analo. Njoo kabla theluji haijafunga barabara.

Dada yako akupendaye,
Leokadia