Diski Mpya na Maneno ya Baba

Jumanne, 3 Juni 1997

Imegoma tena. Nimebonyeza kuhifadhi, ikaniandikia kwa Kiingereza chake kwamba diski imejaa. Imejaa! Nimeshafuta barua zote za ule mradi wa maji – walioniachia hii kompyuta walipofunga ofisi – nimefuta hata michezo ya karata. Bado. Na siku hizi diski yenyewe inakwaruza kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga.

Baba ananisimulia maisha yake nayachapa, na alikuwa amefika kwenye mwaka ule wa njaa, alipotoka Majimoto kwa miguu kuja kutafuta kibarua cha reli. Nikaacha kuchapa. Akauliza mbona kimya. Nikamwambia nafasi imekwisha. Akasema basi, atafupisha.

Sitaki afupishe! Anaona mwanga tu sasa. Hataandika tena kwa mkono wake. Yote aliyonisimulia tangu Januari yamo humo ndani, na nakala sina – floppy zangu, vile vidiski vya kuchomeka, zimeliwa na vumbi la hapa Shanwe.

Nimekwenda posta kumpigia Makarius. Mdogo wangu huyu anafanya kazi kwenye duka la kompyuta Dar. Kasema diski ikikwaruza hivyo inakufa. “Dada, usiiwashe tena. Nitatuma nyingine, na memori za kuiongezea kumbukumbu.” Nimeizima. Nimeifunika kanga. Kama maiti – Mungu anisamehe.

Ijumaa, 13 Juni 1997

Imefika! Mwanaiddi muuza vitenge karudi na treni leo asubuhi, kaibeba mapajani toka Dar, hakuiweka hata chini ya kiti. Diski moja, na memori mbili ndefu nyembamba zenye meno ya dhahabu.

Maelekezo kaja nayo kichwani. Makarius kamkaririsha stesheni kama mtoto wa madrasa. Gusa chuma kwanza, ndiyo uguse vitu vya ndani. Yale meno usiyashike kwa vidole. Diski ya zamani usiitoe, ziwe mbili, ili maneno yahamie kwenye mpya.

“Na kitu kingine amesema,” Mwanaiddi akakuna kichwa. “Kimenitoka. Kitakuja.”

Nimekwenda kwa Lukmani fundi redio, kumwomba aje anifungie. Kakataa katakata! “Dada Pude, mimi redio. Hiyo nikiiua utanitazamaje?” Kaniazima bisibisi tu.

Basi nitafungua mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni 1997

Nimeiua.

Ilikuwa hivi. Nilifungua kifuniko, nikapuliza vumbi, nikatoa na mjusi mkavu. Nikagusa chuma. Memori nikaziweka, diski nikaifunga kwa skrubu, nyaya nikachomeka. Baba kakaa kwenye stuli mlangoni, kila mara anauliza sasa unafanya nini, namweleza. Umeme ulipokuja nikawasha.

Pii! Pii! Pii! Kioo cheusi. Hakuna hata herufi moja.

Nikazima. Nikawasha. Pii, pii, pii.

Nililia, tena kwa sauti. Baba akaja anapapasa ukuta mpaka mezani. Njaa yake, safari yake, siku aliyomwoa mama – nani atayarudisha? Akaweka mkono begani kwangu. “Mimi si nipo? Nitasema upya.” Nikamjibu vibaya. Nikamwambia hujui ulichosema, na mimi sikumbuki. Akarudi kwenye stuli yake. Nimekwenda kumwomba radhi, kasema hana neno. Chakula hakikupanda.

Jumapili, 15 Juni 1997

Imewaka! Imewaka, imewaka!

Baada ya misa nimefungua tena. Nikatoa memori moja, nikaitazama vizuri. Kumbe hizi huingia kwa kuinama, halafu unaisimamisha mpaka vishikizo vya pembeni vinalia ta! Jana niliisukuma tu wima. Moja – ta! Ya pili – ta! Nikawasha. Pii, mara moja tu, kisha tarakimu zikaanza kupanda pale juu, zikapita pale zilipokuwa zinaishia zamani, zikaendelea. Nimepiga kigelegele mpaka jirani kaja kuuliza nani kajifungua.

Lakini diski – hakuna hata moja inayoonekana. Sio mpya, sio ya zamani. Moyo ukashuka tena. Mara Mwanaiddi huyo mlangoni, na kanga kichwani, anahema. “Kofia! Makarius kasema kofia! Mimi nikadhani ya kuvaa!”

Tukatafuta wote wawili, tumeinamia kama tunachambua mchele. Nyuma ya kila diski kuna vijisindano, na kikofia cheusi kidogo kuliko punje ya hindi juu yake. Karatasi iliyobandikwa kwenye diski inaonyesha: kikikaa hapa, diski ni mkubwa, ya kuongoza. Kikikaa pale, ni mdogo, ya kufuata. Zote zilikuwa wakubwa! Mwanaiddi akacheka mpaka akakaa chini – “ndiyo maana hazielewani, kama wake wenza.” Nimekihamisha cha ile mpya kwa ile koleo ya kung'olea nyusi.

Zote mbili zikaonekana. Mashine inaona sehemu tu ya ile mpya, sijui kwa nini. Sehemu hiyo inanitosha kabisa! Nikahamisha. Ile ya zamani ilikwaruza njia nzima, mimi nimeshika rozari na Mwanaiddi anasoma dua zake. Faili la Baba limefika. Nimelifungua, nimemsomea mwanzo. Nimemsomea na mwisho, pale alipoishia na mguu uliovimba njiani.

Akasema, “Ndiyo mimi huyo.” Machozi yanamtoka, anatabasamu.

Asante Mungu. Nimekula ugali sahani mbili.

Jumatatu, 16 Juni 1997

Asubuhi sina mteja wa kuchapiwa. Baba kajileta mwenyewe kwenye stuli, kanyoa ndevu. Anauliza: hiyo mpya ina nafasi kiasi gani? Nikamwambia, Baba, sema mpaka uchoke, haitajaa.

“Kweli?”

Kweli.

Akajiweka sawa kwenye stuli. Nikadhani tunaendelea na reli. Akasema, “Basi rudi nyuma. Rudi pale nilipomwoa mama yako. Kuna mtu nilimruka.” Nikarudi. “Andika: mtoto wetu wa kwanza aliitwa Suzana.”

Nikamwambia Baba, wa kwanza ni mimi.

“Wewe ni wa pili, mwanangu.”

Miaka yote naitwa kifungua mimba. Mama kafa hajasema. Makarius hajui, sidhani. Nimeuliza yuko wapi huyo Suzana – alikufa? Kasema nisimkimbize, anataka anawe uso kwanza. Katoka uani, namsikia na ndoo. Hajakasirika, hajahuzunika hata. Anaimba kidogo! Sijamsikia akiimba tangu macho yalipoharibika.

Kwenye kioo kuna mstari mmoja tu. Nimehifadhi. Nimehifadhi mara ya pili.

Huyo anarudi, anapapasa ukuta. Anauliza, “Umeshaandika jina?”

Nimeandika, Baba. Kaa, uendelee –